Hatimiliki na Nyumbu wa Kitengela

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ya kwanza nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1946. Ina kilomita za mraba 117 tu, na nyumbu na pundamilia hawawezi kushiba humo mwaka mzima. Mvua zikinyesha huvuka mto Mbagathi upande wa kusini, ambako hakuna ua, wakatawanyika katika nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti. Kiangazi kikiingia hurudi kufuata maji. Uhai wa mbuga ya serikali, basi, umetegemea malisho ya Wamaasai tangu mwanzo.

Malisho hayo yalikuwa ya pamoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, ranchi ya kikundi ya Kitengela ilipogawanywa na kila familia ikashika hatimiliki yake. Ugomvi ukaota mizizi. Ardhi ni yako, lakini pundamilia anayemaliza nyasi za ng'ombe wako ni wa serikali, na tangu uwindaji upigwe marufuku mwaka 1977 huruhusiwi kumgusa wala huambulii kitu. Mwaka 1990 vikaja viwanda vya bidhaa za kuuza nje huko Athi River, jirani na Kitengela. Wafanyakazi walitaka makazi, bei ya ploti ikapaa. Mwenye watoto wa kusomesha akauza. Mnunuzi akazungusha seng'enge. Nani angemlaumu?

Mwaka 2000 shirika la The Wildlife Foundation lilileta mkataba: dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka, ilmradi mwenye ardhi asijenge ua, asilime, asichimbe mawe wala asiruhusu ujangili. Ng'ombe wake waliendelea kulisha humo humo. Malipo yalitoka kwa mafungu 3, shule zinapofunguliwa, mzazi akatoka hapo na karo mkononi. Hakuna kifungu cha sheria kilichowahi kuwasikiliza wafugaji kiasi hicho. Mpango ulioanza na familia 2 ulifikia makumi ya maelfu ya ekari, ila ulitegemea fedha za wafadhili.

Hasira haikuisha. Juni 2012 wakazi waliua simba 6 waliokuwa wamevamia mifugo. Kwingineko pembezoni mwa mbuga, kijana Richard Turere alikuwa tayari ameunganisha paneli ya sola, betri na kifaa cha indiketa ya pikipiki, taa zikawa zinawaka na kuzima kuzunguka boma usiku kucha na simba wakaliogopa.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliitambua hifadhi kwenye ardhi ya mtu binafsi na kuahidi fidia. Hata hivyo, mwaka 2020 rasimu ya mpango wa kuisimamia mbuga ilipendekeza ua upande ule ule wa kusini, na wenyeji walioacha mashamba yao wazi miaka yote hiyo wakapinga.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda za Athi-Kapiti walizidi 20,000. Kufikia 2011 hawakufika 5,000. Serikali ikitaka hao waliosalia waendelee kupita kwenye ardhi yenye hati ya mtu, itenge fedha za kumlipa kila mwaka, na zifike kabla shule hazijafunguliwa.