Mwenye Vyombo ni Nani? Habari za Vipaza Sauti vya Dar es Salaam

Watu wapendao dansi huyajua majina ya waimbaji na ya wapiga magitaa. Ni wachache wajuao habari za umeme uzichukuao sauti zao hata nje ya ukumbi, au habari za yule mtu akaaye nyuma ya meza yenye vifundo vingi, aitwaye fundi mitambo. Lakini katika Dar es Salaam, umeme na mitambo ndivyo vilivyoamua mara nyingi ni nani atakayesikika na ni nani atakayenyamaza.

Umeme wa kwanza wa mji huo uliwekwa na Wajerumani mwaka 1908. Ulitumikia karakana za reli na upande ule wa mji walipokaa wakoloni. Mwaka 1931 yalianzishwa makampuni mawili ya umeme, DARESCO na TANESCO. Dar es Salaam Jazz Band ilipoanza mwaka 1932, muziki wa dansi ulitegemea pumzi za watu na nguvu za mikono yao. Mwenye tarumbeta yake alikuwa na sauti yake. Hakuwa na haja ya waya.

Katika miaka ya 1960 mambo yaligeuka, maana gitaa la umeme lilishika mahali pa mbele. Nyuzi za gitaa hilo zikipigwa peke yake, hazisikiki mbali. Mtikisiko wake hugeuzwa kuwa umeme mdogo sana, nao hupelekwa katika amplifaya. Amplifaya huchukua nguvu nyingi kutoka kwenye waya wa ukutani au kwenye betri, ikaziongoza zifuate mtikisiko ule mdogo, hata spika ikanguruma. Basi mwanamuziki alihitaji gitaa, na amplifaya, na spika, na umeme. Ni nani katika wapiga gitaa aliyeweza kununua vyote hivyo kwa fedha zake?

Vyama na mashirika vilivinunua. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, na wanamuziki wakalipwa mshahara. Mwaka 1971 ilizaliwa Vijana Jazz, bendi ya Umoja wa Vijana wa TANU, ambayo wengi waliikumbuka kwa ukumbi wa Vijana huko Kinondoni. Mwaka 1978 ilianza Mlimani Park, chini ya shirika la teksi. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Mshahara ulikuwa jambo jema. Lakini mpigaji aliyehama bendi aliondoka na ustadi wake tu. Vyombo vilibaki kwa mwenyewe.

Pamoja na vyombo alibaki fundi mitambo. Kazi yake ni kuzikusanya sauti nyingi mahali pamoja: mwimbaji, gitaa la solo, gitaa la besi, ngoma na tarumbeta. Kila sauti ina waya wake na kifundo chake katika meza ya kuchanganyia, ambayo mafundi huiita miksa. Kama besi imemfunika mwimbaji, fundi huipunguza. Kama kipaza sauti cha mwimbaji kimeisikia spika yake chenyewe, sauti huzunguka ikirudi na kukua, kikatoka kile kilio kikali kama filimbi. Ndipo fundi hukipunguza upesi. Akifanya kazi yake vema, hakuna amkumbukaye.

Sasa twende nje ya kumbi hizo, kwa vijana wa Temeke, Mbagala na Mwananyamala, ambao hawakuwa na shirika la kuwanunulia kitu. Katika miaka ya 1990 walivuma kwa muziki uitwao mchiriku, uliotokana na ngoma za Wazaramo za arusi na sherehe. Walitwaa kinanda kidogo cha Casio, ambacho huweza kulia kwa betri ndogo, wakaongeza ngoma, amplifaya kuukuu na vipaza sauti vya chuma, kama vile vionekanavyo juu ya minara ya misikiti.

Mtu angeweza kuvicheka vyombo hivyo, lakini vilikuwa na akili ndani yake. Spika ya kawaida, katika sehemu 100 za nguvu ipewazo, hugeuza sehemu 1 au 2 tu kuwa sauti. Zilizobaki huwa joto. Kipaza sauti chenye mdomo wa tarumbeta huweza kugeuza sehemu 10, na pengine zaidi. Kwa hiyo umeme kidogo hufika mbali. Wanafunzi na wapige hesabu: amplifaya itumiayo wati 60 katika betri ya gari ya volti 12 huvuta ampea 5. Betri ya ampea 50 kwa saa ingeitumikia kwa saa 10, ingawa si vema kuimaliza kabisa.

Amplifaya haiwezi kupandisha wimbi la sauti kupita volti ilizopewa. Ikilazimishwa, vilele vya wimbi hukatwa, na sauti hukwaruza. Katika ukumbi mkubwa jambo hili ni kosa la fundi. Katika mchiriku ule mkwaruzo ukawa ladha yenyewe. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala, lililoanza mwaka 1992, liliipeleka ladha hiyo hata Ulaya, na santuri yake ilitolewa Ubelgiji mwaka 2012. Kutoka katika mchiriku ukatokea singeli wa Manzese na Tandale, ambao kinanda chake ni kompyuta.

Basi, tukiandika historia ya muziki wa mji huu, tusiandike majina ya waimbaji peke yao. Tuulize pia: waya ulitoka wapi, na vyombo vilikuwa vya nani? Wale wa kumbini walikuwa na sauti nzuri ya vyombo vya kuazimwa. Wale wa uwanjani walikuwa na sauti ya kukwaruza, lakini ilikuwa yao wenyewe, wala hapakuwa na mtu wa kuja asubuhi kuidai.