"Ile Hela Itume kwenye Namba Hii"

Utapeli wa malipo ya awali ni mkongwe kuliko intaneti. Katika karne ya 19 zilisambazwa barua Ulaya na Marekani zikidai kwamba tajiri fulani amefungwa Hispania, naye atamgawia hazina yake yeyote atakayegharimia kufunguliwa kwake. Miaka ya 1980 barua za namna hiyo zilitoka Nigeria, ndiyo maana utapeli huo huitwa 419, kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Ikaja faksi, kisha baruapepe. Siku hizi tapeli humwagiza Mmarekani akanunue kadi ya zawadi dukani, kisha amsomee namba zilizo nyuma yake. Hundi huweza kuzuiwa benki. Namba ikishasomwa, fedha imekwenda.

Mkazi wa Chole, wilayani Kisarawe, hana haja na kadi hizo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 fedha yake hupita kwenye simu, na tapeli ameifuata huko huko. Wapo wanaowaalika watu kujiunga na Freemason kwa "ada ya usajili". Hao ni ndugu halisi wa 419, kwani chambo chao ni utajiri. Lakini ujumbe unaotutesa zaidi ni huu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Hauahidi chochote. Humvizia mwenye deni, au mzazi aliyeuza korosho na anayejiandaa kumtumia mwanawe ada Dar es Salaam. Huyu hakuponzwa na tamaa, bali na uaminifu wake. Kumwambia "tamaa imekuponza", kama tulivyozoea, ni kumtukana, na aliyetukanwa harudi kutoa taarifa.

Dola haikukaa kimya. Ilitungwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa. Ujumbe haukukoma. Kidole huthibitisha mwenye kitambulisho, si anayeishika simu. Ndiyo maana tunahimizwa kupiga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa majina yetu. (Ni watumishi wangapi wa umma wamewahi kufanya hivyo?) Na baina ya kutuma na kutoa ni dakika chache tu: mtu wa Chole hajapata hata usafiri wa kwenda mjini Kisarawe kushtaki, fedha imeshatolewa kwa wakala.