Mtego wa tundu: namna ya kunasa panya bila kudhuru wasiokuwamo

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Hapa Pwani methali hii twaiona kwa macho. Mtu atia sumu darini usiku, na siku chache baadaye paka wa jirani akutwa kibarazani akitokwa na damu puani. Mwengine aweka ubao wa gundi jikoni, asubuhi panya hayumo, mna mjusi aliyekuwa akila mbu. Na lililo zito zaidi ni mtoto anayetambaa, aokotaye punje za rangi sakafuni akidhani ni peremende.

Mtego wa tundu, yaani kile kizimba cha waya kinachomnasa mnyama akiwa hai, ndio mtego pekee unaokupa nafasi ya kutazama aliyeingia kabla ya kuamua. Lakini wengi huununua, wakautega siku mbili, wakaona mtupu, wakautupa juu ya kabati. Makala haya yaeleza unavyofanya kazi na kwa nini mara nyingi hushindwa.

Ulivyo

Ni kizimba kirefu cha waya chenye mlango upande mmoja. Ndani mna kulabu ya kutungikia chambo, au kibao cha kukanyagia. Panya akivuta chambo au akikanyaga kibao, kijiti kinachoshikilia mlango chafyatuka na springi hufunga mlango nyuma yake. Wapo pia wenye mlango wa kusukuma kwa ndani usiorudi nje, ambao waweza kunasa panya kadhaa kwa usiku mmoja.

Unaponunua, angalia mambo matatu. Nafasi kati ya waya na waya iwe ndogo, kwa sababu kipanya kidogo cha nyumbani hupenya penye upana wa penseli. Mlango ufunge kwa nguvu na uwe na kizuizi, maana panya mkubwa huusukuma kwa kichwa. Na waya uwe umepakwa zinki, kwani hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi na springi yenye kutu haifyatuki.

Kwa nini si sumu?

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo, huchukua siku kadhaa. Katika siku hizo hutembea kwa ulegevu, na ndipo paka au bundi humkamata kwa urahisi na kuila sumu ile ile. Akifia ndani ya makuti au kati ya dari na bati, nyumba nzima itanuka na hutampata. Sumu zinazouzwa barabarani bila kibandiko ni hatari zaidi, kwa sababu mtoto akizila, daktari hana pa kusoma ni sumu gani.

Mjue unayemtega

Mijini kwetu wapo watatu. Panya wa darini ni mwembamba, mkia wake ni mrefu kuliko mwili, na ni hodari wa kupanda nguzo, minazi na nyaya. Panya wa mitaroni ni mzito, mkia wake ni mfupi kuliko mwili, na huchimba mashimo kando ya misingi na majaa. Wa tatu ni kipanya kidogo kinachokaa kabatini na kwenye magunia.

Hawa wawili wakubwa wana tabia moja inayowashinda wategaji: huogopa kitu kigeni. Ukiweka tundu leo, panya atalizunguka siku kadhaa bila kuingia. Kwa hivyo usilitege mara moja. Fungua mlango, ufunge kwa uzi usifyatuke, tia chakula ndani na mlangoni, uliache hivyo siku tatu hadi tano. Ukiona chakula chaliwa kila usiku, hapo fungua uzi utege. Kipanya kidogo ni kinyume, hupenda kuchungua kila kipya, na waweza kumnasa usiku wa kwanza.

Pa kuweka na cha kuweka

Panya hapiti katikati ya chumba. Hufuata ukuta, akipapasa kwa sharubu. Tafuta njia yake kwa alama za mafuta ukutani, kinyesi, na nyayo ukinyunyiza unga kidogo sakafuni. Weka tundu sambamba na ukuta, mlango ukielekea anakotoka, na ulikaze lisitikisike. Kwa panya wa darini, lifunge juu ya boriti anapopitia.

Chambo kizuri ni kile anachokijua tayari. Nazi iliyochomwa, kipande cha ng'onda, siagi ya karanga, au mahamri yaliyobaki yote yafaa. Kipande kiwe kidogo, ukifunge kwenye kulabu ili alazimike kukivuta. Na ufunike vyakula vingine vyote usiku huo, kwani panya aliyeshiba gunia la mchele hana haja ya kuingia kizimbani.

Tega kadhaa kwa pamoja. Panya jike hubeba mimba wiki tatu hivi, huzaa watoto sita hadi wanane au zaidi, na hao huanza kuzaa baada ya miezi miwili au mitatu. Tundu moja kwa nyumba nzima ni kuteka maji kwa kijiko.

Akishanasa

Kagua mitego alfajiri na jioni, kila siku. Mnyama ndani ya waya hana maji wala kivuli, na jua letu laweza kumuua kwa mateso kabla ya adhuhuri. Waislamu twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Panya ametajwa miongoni mwa wanyama wasumbufu wanaoruhusiwa kuuawa, lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Ukiwa huna nafasi ya kukagua, usitege.

Kumpeleka panya akafunguliwe uwanjani ni kumhamishia jirani taabu. Auawe, tena kwa haraka. Wengi huzamisha kizimba ndani ya ndoo, lakini mnyama huhangaika dakika nzima na zaidi. Bora aingizwe kwenye gunia zito na apigwe pigo moja la nguvu kichwani. Kama huwezi, mwombe anayeweza, na watoto wasiwepo.

Usimshike kwa mkono mtupu. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya leptospira, vinavyoingia kupitia michubuko na maji machafu. Mwaka 2022 ugonjwa huu uliua watu mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, ambako uliitwa homa ya mgunda. Vaa glavu, zika mzoga mbali na kisima, osha tundu kwa sabuni na lianike juani. Kinyesi kikavu usikifagie kikatimka vumbi. Kiloweshe kwanza kwa jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, ungoje dakika tano, ndipo upanguse.

Wasiokuwamo

Hapa ndipo tundu lapata thamani yake. Ukimkuta paka au kuku, fungua mlango, aende zake. Walio karibu na vichaka na mashamba, kuanzia Kwale hadi Lamu, wanaweza kumkuta komba, kanu au nguchiro. Hao ni wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kuwanasa au kuwaua bila idhini. Funika tundu kwa nguo ili atulie, simama nyuma ya mlango, ufungue kwa kijiti. Akiwa ameumia, au akiwa anarudi kila siku kula kuku, arifu ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu.

Na kunguru je?

Kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, na kufikia 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Leo hula makinda ya ndege wetu, mayai na vifaranga. Januari 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo.

Naye hunaswa kwa tundu, lakini la ukubwa wa chumba, lenye uwazi mwembamba juu unaomruhusu kushuka akiwa amekunja mbawa na kumzuia kuruka nje akizikunjua. Ndani huwekwa kunguru hai wa kuwaita wenzake, na huyo sharti awe na maji, chakula na kivuli. Walionaswa hutolewa jioni, wenzao wakiwa wameshakwenda kulala, kwa sababu kunguru hukumbuka mahali palipomdhuru. Kunguru wa kienyeji mwenye kifua cheupe ni wetu, aachiliwe. Kazi hii si ya mtu mmoja nyuma ya nyumba. Mtaa ukiitaka, uanze kwa kuzungumza na KWS.

Jaa likibaki, panya watabaki

Hakuna mtego unaoshinda jaa. Ukiwanasa panya kumi na mfereji ukaendelea kujaa mabaki ya samaki, nafasi zao zitajazwa na wengine kumi kabla ya mwezi kuandama. Ziba matundu ya ukutani kwa saruji iliyochanganywa na waya, weka mchele na unga kwenye madebe yenye vifuniko, kata matawi yanayogusa paa, na takataka zitoke kabla ya giza. Na kwa sababu nyumba zetu zashikana kuta, jambo hili halifaulu nyumba moja moja. Watu wa kichochoro kimoja wakikubaliana kutega na kusafisha wiki moja, watapata nafuu ambayo pakiti mia za sumu hazijawapa, na paka wao watakuwa hai kuwasaidia.