Sewa Haji wa Bagamoyo

Tumemsikia katika Injili Msamaria akimlipia mwenye nyumba ya wageni gharama za mtu asiyemjua, tena wa taifa jingine. Nanyi ndugu zangu wa Bariadi, ninaye mtu wa kuwasimulia, ambaye huenda mababu zenu walimwona kwa macho.

Kabla ya reli, pembe za ndovu za bara zilifika pwani mabegani mwa watu. Wanyamwezi na Wasukuma walitembea kwa miezi, kila mmoja na mzigo wa yapata frasila mbili, hadi Bagamoyo. Nao waliozikwa njiani hawakuwa wachache. Huko pwani, miongoni mwa matajiri waliowapatia Wazungu wapagazi na bidhaa za safari, alikuwako Sewa Haji Paroo. Ukoo wake ulitoka Kutch, Bara Hindi. Yeye alizaliwa mwaka 1851, Mwislamu wa jumuiya ya Ismailia. Hata Stanley alihudumiwa naye. Tusimpambe kupita kiasi: mali yake ilitoka mabegani mwa wapagazi hao.

Lakini katika miaka ya 1890 aliitolea serikali ya Kijerumani jengo la shule mjini Bagamoyo kwa sharti moja, kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Sharti hilo lilikuwa zito. Chini ya Waingereza shule zetu ziligawanywa: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na mgawanyo huo haukufutwa ila baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Nilipokuwa seminarini nilijifunza mengi juu ya misioni ya Bagamoyo iliyoanzishwa mwaka 1868. Jirani yake huyu sikutajiwa hata mara moja.

Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, iliyokamilika mwaka 1897, mwaka ule ule aliofariki Unguja. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni. Hospitali ya Sewa Haji iliwatibu Waafrika na Wahindi kwa zaidi ya nusu karne, hata ilipofunguliwa nyingine mpya mwaka 1956, ambayo sasa ndiyo Muhimbili.

Humo limo jengo liitwalo Sewahaji. Mgonjwa wa rufaa kutoka Simiyu aweza kulazwa humo leo, akiwa amesafiri kwa basi siku moja, mwendo ambao babu yake aliutembea kwa miezi, na mzigo begani.