Makazi ya dubu barafu katika Hifadhi ya Wanyamapori ya Aktiki

Hifadhi ya Taifa ya Wanyamapori ya Aktiki ni eneo la hifadhi kaskazini-mashariki mwa jimbo la Alaska, Marekani, lenye ukubwa wa takriban km² 78,000. Ukanda wake wa pwani kando ya Bahari ya Beaufort una takriban km² 6,000 tu, lakini ndiko dubu barafu majike huchimba mapango ya kuzalia. Chini ya ukanda huohuo kuna mafuta ya petroli: mwaka 1998 wataalamu wa jiolojia wa serikali walikadiria wastani wa mapipa bilioni 10.4, pamoja na maeneo jirani. Kwa hiyo ubishi juu yake haujaisha.

Pango la theluji

Dubu barafu huishi hasa juu ya barafu ya bahari, ambako huwinda sili. Jike mwenye mimba hutafuta theluji iliyorundikana kwenye kingo za mito au miteremko ya pwani, hujichimbia pango mnamo Oktoba au Novemba, na huzaa humo katikati ya majira ya baridi, kwa kawaida watoto wawili. Mtoto huzaliwa kipofu, na uzito wake haufiki kilo moja. Mama hali chochote muda wote huo. Hunyonyesha kwa nguvu ya mafuta yaliyo mwilini mwake, hadi wanapotoka Machi au Aprili. Akishtuliwa na kuhama mapema, watoto wanaweza kufa kwa baridi. Zamani majike wengi wa Bahari ya Beaufort walizaa juu ya barafu inayoelea, lakini kwa kuwa barafu hiyo inapungua, wengi zaidi siku hizi huja nchi kavu.

Kabla ya kuchimba, kampuni hutafuta mafuta kwa upimaji wa mitetemo: malori mazito hupita kwa mistari yakitikisa ardhi, na mitetemo inayorudi kutoka chini hurekodiwa. Kwenye tundra kazi hii hufanyika wakati wa baridi, maana ardhi ikiyeyuka huwa tope na mimea huharibiwa na magari. Ndiyo kusema, utaratibu unaolinda udongo huyaleta malori katika miezi ileile ambayo mama na watoto wamo chini ya theluji. Kanuni huagiza kukaa km 1.6 kutoka kila pango linalojulikana. Ugumu uko katika neno hilo “linalojulikana”. Mapango hutafutwa kutoka angani kwa kamera zinazoona joto, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kamera hizo ziligundua chini ya nusu ya mapango yaliyokuwepo.

Kundi la dubu wa kusini mwa bahari hiyo lilikadiriwa kuwa na wanyama 900 hivi mwaka 2010, baada ya kupungua kwa takriban asilimia 40 katika miaka kumi. Sababu kuu ya kupungua kwa makazi yao ni kuyeyuka kwa barafu kutokana na ongezeko la joto duniani, na kuzuia uchimbaji hakutairudisha. Hata hivyo, kwa kundi dogo namna hii, kila pango lina uzito wake.

Sheria na minada

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960. Sheria ya mwaka 1980, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter, iliipanua, lakini uamuzi kuhusu mafuta ya pwani iliuachia Bunge. Mwaka 1995 Rais Bill Clinton alikataa muswada wa kuruhusu uchimbaji. Mwaka 2017 Bunge liliuruhusu. Katika mnada wa Januari 2021 hakuna kampuni kubwa ya mafuta iliyojitokeza, na vitalu vingi vilichukuliwa na shirika la serikali ya Alaska. Mikataba ya shirika hilo ilifutwa mwaka 2023, lakini mwaka 2025 mahakama iliona kufutwa huko ni kinyume cha sheria. Mnada wa pili, Januari 2025, haukupata mnunuzi hata mmoja. Miezi michache baadaye Bunge liliagiza minada mingine minne ndani ya miaka kumi.

Wenyeji

Wenyeji wenyewe hawana kauli moja. Viongozi wengi wa Wainupiati wa Kaktovik, kijiji pekee ndani ya hifadhi, wanaunga mkono uchimbaji kwa ajili ya ajira na kodi zinazoendesha shule na huduma nyingine. Wagwichini, wanaoishi kusini zaidi, wanaupinga, kwa kuwa wanategemea nyama ya karibu (kulungu wa nchi za baridi, jina halihusiani na neno letu la kumpokea mgeni), ambao huzalia kwenye ukanda huohuo wa pwani.