Kalamu Iliyoitwa: Mwito wa Jumuiya katika Historia ya Uandishi wa Kiswahili, na Ukimya wa Makobola

Utangulizi

Kukwama kwa kalamu huelezwa mara nyingi kuwa ni maradhi ya mtu mmoja: mwandishi amekaa peke yake, karatasi i tupu, maneno hayaji. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba historia ya Kiswahili ina maelezo mengine. Mara nyingi kalamu ilifunguka kwa kuwa mwenye kalamu aliitwa na wenzake. Hata hivyo miito hiyo haikuwa ya namna moja, na tofauti zake zina uzito kwetu sisi wa Fizi.

Majibizano ya washairi

Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mgumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi juu ya ugomvi wa miji yao miwili. Katika desturi hiyo shairi likitumwa hudai jibu. Mwenye kujibu hana haja ya kutafuta pa kuanzia, kwani amekwisha kupewa jambo, mara nyingine hata vina. Desturi hiyo iliingia magazetini pia: Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi ukurasa wa kusomana kutoka mbali.

Shindano na mipaka yake

Mwito wa namna ya pili ulitoka kwa taasisi. East African Literature Bureau iliendesha shindano la kutunga hadithi kwa Kiswahili mwaka 1957–58, na mshindi wa kwanza akawa Mohamed Said Abdulla wa Unguja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Kwa kitabu hicho Bwana Msa aliingia katika fasihi ya Kiswahili, na hadithi nyingine zake zikafuata. Faida ya shindano ni dhahiri: lina tarehe ya mwisho, na lina msomaji anayengoja.

Lakini shindano lina waamuzi, na waamuzi wana kipimo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Kibelgiji haikuwamo. Kwa kipimo hicho, mtu wa Uvira au Baraka aandikaye kama asemavyo nyumbani husahihishwa kabla ya kusikilizwa.

Elisabethville, 1965

Kongo yenyewe inatupa mfano wa tatu. Mwaka 1965, katika mji unaoitwa leo Lubumbashi, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa historia ya mji wao, iliyokusanywa na André Yav kwa jina la wenzake, nayo hujulikana kama Vocabulaire. Iliandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, bila tahajia sanifu. Johannes Fabian alipoitoa kitabuni mwaka 1990, ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo maneno yatengane na maana ionekane. Hapakuwa na zawadi wala mshindi. Watu waliowapikia Wazungu na kuwafulia nguo waliona kwamba wasipoandika wao, mambo waliyoyaona yatapotea.

Makobola

Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, wakati wa vita vya pili vya Kongo, mamia ya raia waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, kando ya Ziwa Tanganyika. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 imeyataja mauaji hayo, lakini kwa maneno machache, na katika lugha ambazo wazee wengi wa kando ya ziwa hawazisomi.

Mwanafunzi wa huku akiambiwa aandike juu ya siku zile, hukwama. Uchungu ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni ya lugha: amefundishwa kuandika kwa Kifaransa, habari amezipata kwa Kibembe au Kiswahili cha nyumbani, na Kiswahili hicho ameambiwa si sanifu.

Hitimisho

Kwa kazi hii shindano halifai, maana nani atapima msiba wa jirani na kumpa namba ya pili? Kinachofaa ni mwito wa namna ya Elisabethville. Kila ukoo ulete kile unachokijua: majina ya waliokufa, mashamba yao, mitumbwi yao, shughuli walizokuwa nazo mwisho wa mwaka ule. Maandishi yasomwe kwa sauti mbele ya wenyewe kabla mtu hajagusa tahajia. Na apendaye kunyamaza aachwe anyamaze. Sisi wa vyuo tushike kalamu kama Yav alivyoishika, kwa jina la wenzetu, tukiharakisha, kwa kuwa waliokuwa watu wazima mwaka 1998 sasa ni wazee.