Senti Kumi za Lévis
Fikira za mwanzo wa mwaka

Sikukuu za Noeli na Bonane zimepita. Tuliimba, tulikula, tulipeana mikono na kutakiana heri. Sasa tuko katika mwezi wa kwanza. Watoto wanarudi masomoni, na neno linalosikika nyumbani ni moja tu: minervali. Mwenye duka analeta kaye yake, anatuonyesha jina letu na hesabu iliyo mbele yake. Ndipo baba wa nyumba anaketi, anashika kichwa kwa mikono miwili, na kusema: «Mwaka huu nitabadilika. Mwaka huu nitaweka feza.»

Maneno hayo tunayajua vema, maana sisi wenyewe tumeyasema miaka mingi. Karibu kila mara yalikufa mbele ya siku ya Majivu. Kwa sababu gani? Hatukuwa waongo tulipoyasema. Tulitaka kweli. Basi, nini kinachokosekana kati ya kutaka na kufanya? Tulitafuta jibu katika historia, na tulilipata mbali sana, katika mji mdogo wa Canada unaoitwa Lévis, kando ya mto Saint-Laurent, ng'ambo ya mji wa Québec.

Vita vya zamani

Mtu asifikiri kwamba habari ya feza haihusu Kanisa. Wanyang'anyi wa riba ni wa tangu zamani, na Wakristu walipigana nao tangu zamani. Katika nchi ya Italia, karne ya kumi na tano, maskini aliyekosa mbegu au mkate alikopa kwa watu wenye riba kali, na mwisho alipoteza hata shamba. Mafrateri wa Mtakatifu Fransisko waliona taabu hiyo. Mwaka 1462 walisaidia kuanzisha katika mji wa Perugia sanduku lililoitwa Monte di Pietà, ndiyo kusema mlima wa huruma. Maskini alileta kitu chake kuwa rehani, akapewa feza kidogo, akalipa juu yake kiasi kidogo cha kutunza kazi, basi. Watu wengi walibishana: je, hata kiasi hicho si riba? Mwaka 1515 Baba Mtakatifu Leo X, katika Mtaguso Mkuu wa tano wa Laterano, alikata shauri: kulipa gharama za kazi hiyo si dhambi.

Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na upungufu mmoja. Maskini alikuja kupokea tu. Sanduku halikuwa lake. Ilibaki mtu aje kuwafundisha maskini kwamba hata wao wanaweza kuwa wenye sanduku.

Mtu aliyesikia

Alphonse Desjardins alizaliwa Lévis mwaka 1854, katika jamaa ya Wakatolika wasiokuwa na mali. Aliandika katika magazeti. Kisha, tangu mwaka 1892, kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya wabunge wasemao Kifaransa katika mji mkuu wa Ottawa. Siku moja ya mwezi wa nne mwaka 1897, mbunge mmoja alisimama akasimulia habari ya mtu wa Montréal. Mtu huyo alikopa dola 150, na kwa ajili ya riba akaamriwa kulipa dola 5,000. Desjardins alisikia habari hiyo, na haikumtoka tena moyoni.

Angalieni vema jambo alilofanya, maana hapa ndipo somo la kwanza. Hakufungua sanduku kesho yake. Alianza kujifunza, na alijifunza zaidi ya miaka mitatu. Alisoma kitabu cha Henry Wolff juu ya benki za watu wadogo, akamwandikia barua. Aliwaandikia wengine huko Ulaya, kwa sababu huko masanduku ya wakulima yalikuwa yamekwisha kuanza. Katika Ujerumani yalianzishwa na Raiffeisen. Katika Ubelgiji padri Mellaerts alianzisha moja la namna hiyo katika kijiji cha Rillaar mwaka 1892. Desjardins alikuwa mtu wa makamo, mwenye mke na watoto wengi, mwenye kazi ya kutwa. Lakini usiku alikuwa mwanafunzi. Akiba yake ya kwanza ilikuwa akili. Sisi tunataka kuvuna mwezi ule ule tuliopanda, na tukikosa tunasema shamba ni baya.

Senti kumi

Tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1900, watu wa Lévis walikusanyika kuanzisha chama chao. Walikiita caisse populaire, ndiyo kusema sanduku la watu. Mapadri wa Koleji ya Lévis walikuwa pamoja nao. Kila mwanachama alipaswa kununua sehemu ya dola 5. Lakini mfanyakazi angetoa wapi dola 5 kwa mara moja? Kwa hiyo walikubali alipe senti 10 kila juma.

Tarehe 23 mwezi wa kwanza mwaka 1901, baada ya sikukuu kama sisi leo, walianza kupokea feza. Mtu wa kwanza alitoa senti 10. Siku hiyo walipata kwa jumla dola 26 na senti 40. Mwenye benki kubwa angecheka. Lakini Waswahili walisema zamani: haba na haba hujaza kibaba. Leo chama kilichozaliwa siku ile kina wanachama na wateja zaidi ya milioni 7, nacho ni chama cha ushirika wa feza kilicho kikubwa kuliko vyote vya Canada.

Tusidanganyike na ukubwa huo. Nguvu ya senti zile ilikuwa katika sheria zake. Feza zilikopeshwa kwa wanachama tu, watu wa mahali pamoja wanaojuana. Hawakuuliza kwanza mtu ana nyumba ngapi. Waliuliza kama ni mwaminifu na mfanyakazi, na kama feza zitafanya kazi ya faida. Waamuzi wa mikopo walipaswa kukubaliana wote. Tena, wale walioamua mikopo na wale waliokagua hesabu hawakuruhusiwa kukopa wenyewe katika sanduku lile. Sheria hii ya mwisho, wapenzi wasomaji, ilituchoma moyo tulipoisoma. Tutasema sababu yake sasa hivi.

Mama wa hesabu

Wakati wa bunge Desjardins alikaa Ottawa miezi mingi, mbali na kwao. Nani basi alitunza sanduku? Mke wake, Dorimène Roy, mama wa watoto kumi. Katika miaka ya kwanza kazi ya sanduku ilifanyika nyumbani mwao. Yeye alipokea watu, alipokea feza, aliandika hesabu, na kumpelekea mume habari kwa barua. Hakulipwa kwa kazi hiyo.

Wala haikuwa kazi bila hofu. Mpaka wakati huo hakukuwa na sheria ya serikali iliyokilinda chama. Feza za majirani zilizidi kuongezeka ndani ya nyumba, na kama zingepotea, deni lingeangukia jamaa yao. Dorimène alimwambia mume wake wazi hofu hiyo. Hakunyamaza, na hakukimbia. Mwezi wa tatu mwaka 1906 bunge la Québec lilitoa sheria iliyotakiwa, na kazi ikasimama imara. Alphonse alikufa mwaka 1920, akiwa amekwisha kuanzisha zaidi ya masanduku mia moja. Mke wake aliendelea kuwa mshauri wa kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1932.

Sanduku letu

Sasa tuseme kweli yetu. Miaka michache iliyopita watu wa shirika letu walitupa sisi sanduku lao tulilinde, kwa sababu sisi ni katekista. Sanduku, ufunguo na kaye, vyote vilikuwa chini ya kitanda chetu. Kila siku ya Mungu baada ya sala watu walileta franka zao.

Ikatokea mtoto wetu alirudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Usiku ule tulifungua sanduku. Hatukusema «tunaiba.» Tulisema: «Tunaazima, mwisho wa mwezi tutarudisha.» Mwisho wa mwezi ulikuja, na homa ya mdogo wake ilikuja pamoja nao. Tukafungua mara ya pili. Mara ya tatu mkono haukutetemeka tena.

Kisha mjane mmoja mzee alikuja kuomba feza zake za kununua dawa. Hazikuwako. Tulimwambia ufunguo umepotea. Alituangalia kitambo, hakusema neno, akaenda zake na fimbo yake. Asubuhi ile tulikuwa tumewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza amri ya saba.

Mke wetu hakulala usiku ule, wala hakutuacha tulale. Siku ya Mungu iliyofuata tulisimama mbele ya shirika tukaungama yote. Tuliuza kinga yetu, ile tuliyopanda kwenda vijijini kufundisha, na salio tulilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Tulingoja watufukuze. Yule mjane ndiye aliyesema: «Mwalimu, endelea kutufundisha. Lakini tangu leo ufunguo ukae kwa mmoja, sanduku kwa mwingine, na kaye kwa wa tatu.» Alikuwa hajui kusoma. Alikuwa hajasikia jina la Lévis hata siku moja. Lakini alitoa sheria ile ile.

Hapo tulifahamu kwa nini ahadi zetu za Bonane hufa. Tunaziweka peke yetu, moyoni, pasipo shahidi, kama sanduku lile chini ya kitanda. Nia ya mtu ni njema asubuhi, lakini usiku ni dhaifu. Watu wa Lévis hawakukataza waamuzi wao kukopa kwa kuwa ni wezi. Waliwakataza kwa kuwa ni binadamu. Hata Petro alikuwa mkweli alipoahidi jioni kwamba hatamkana Bwana wake. Jogoo alimkuta pengine.

Je, akiba haiozi?

Mwingine atatujibu: «Hayo ni mambo ya Canada. Sisi Wakongo tumeona akiba ikioza.» Ana haki, na asiyekubali hilo hajui historia ya nchi yetu. Mwaka 1967 franka 1,000 ziligeuzwa kuwa zaïre 1. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1979, wakati wa Noeli, noti za zaïre 5 na 10 zilifutwa kwa ghafula, na wengi waliokuwa wameficha jasho lao ndani ya nyumba walibaki na karatasi. Mwaka 1993 zaïre milioni 3 za zamani zikawa zaïre mpya 1. Mwaka 1998 zaïre mpya 100,000 zikawa franka 1 ya Kongo. Hesabuni wenyewe: franka 1 ya mwaka ule ilimeza miliari 300 za zaïre za kwanza. Mzee aliyepoteza hivyo hakuwa mpumbavu wala mvivu. Alionewa, na tusimhubirie juu ya kuweka feza kabla ya kumpa pole.

Lakini tuulize tena: katika miaka ile mibaya watu waliishi kwa nini? Waliishi kwa shamba, kwa mbuzi, kwa jirani aliyekopesha kikombe cha unga, kwa likelemba ya akina mama sokoni, ambamo feza hazikulala hata siku moja: zilitoka kwa wote na kuingia kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Karatasi ilioza, uaminifu haukuoza. Feza iliyofungwa peke yake ni kama mana ile ya jangwani iliyoficha wadudu asubuhi. Feza inayozunguka kati ya watu wanaojuana inageuka kuwa jembe, cherehani, mabati, minervali iliyolipwa kwa wakati wake.

Tufanye nini basi?

Mwaka huu tusiahidi makubwa. Baba na mama wakae mezani pamoja, waandike katika kaye moja kinachoingia na kinachotoka, wala mmoja asimfiche mwenzake. Bwana wetu mwenyewe alisema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, jinsi anavyopaswa kukaa kwanza na kuhesabu. Waanze na madeni, kwanza lile la mkopeshaji wa riba, maana halilali usiku. Kisha wachague kiasi kidogo, kidogo hata kiaibishe, na wakitoe kila juma mbele ya watu wengine: katika shirika, katika likelemba, katika chama cha akiba chenye hesabu za wazi. Anayelinda feza asikasirike akikaguliwa. Sisi tulipokaguliwa mara ya kwanza tuliona haya. Sasa tunaona raha, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Tena tusisahau sehemu ya maskini. Sanduku la Lévis lilianza kwa sababu mtu mmoja alisikia habari ya deni la mtu mwingine, asiyemjua, na akaumia. Asiyeumia kwa deni la jirani ataweka feza nyingi, lakini yeye mwenyewe hatakua.

Yule mjane yu hai bado. Siku ya Mungu iliyopita alileta franka zake zimefungwa katika kitambaa, akangoja mwenye kaye aandike, akamwomba amsomee hesabu kwa sauti. Kisha alitugeukia akatutakia mwaka mwema. Nasi tunawatakia ninyi vivyo hivyo, wapenzi wasomaji. Mungu abariki mwaka huu, na kazi ya mikono yenu.